Jinsi ya kuomba kipimo cha nyuklia cha umio kabla na baada ya matibabu ya akalasia

Mwenye akalasia ana shida mbili kwa wakati mmoja: misuli ya umio imepoteza mwendo wa kusukuma chakula, na mlango wa chini, pale umio unapoingia tumboni, hautaki kulegea. Matibabu yaliyopo, yaani kupanuliwa kwa puto la milimita 30 hadi 40, upasuaji wa Heller wa kukata misuli ya mlango huo, au ule wa kupitia mdomoni uitwao POEM, hufungua mlango huo tu. Mwendo wa misuli hayaurudishi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kusema anameza vizuri ilhali chakula bado kinalala umioni, kinaupanua taratibu na kumpalia usiku. Kipimo cha nyuklia kinapima jambo hilo hasa: unameza maji yenye teknesiamu-99m kidogo, na kamera ya gama inahesabu ni asilimia ngapi imebaki umioni kila baada ya muda fulani.

Jambo la kwanza, na ndilo linalosahaulika mno: omba kipimo hiki kabla ya matibabu, si baada yake peke yake. Namba za mtu wa akalasia hazirudi kuwa kama za mtu mzima wa afya hata matibabu yakifaulu. Kwa mtu asiye na ugonjwa funda la maji hufika tumboni ndani ya sekunde 15 hivi, na wewe hutafika huko. Unalinganishwa na wewe mwenyewe wa jana. Bila kipimo cha awali, majibu yanayosema "mabaki asilimia 40 dakika ya 5" hayamwambii daktari kama umepanda au umeshuka.

Kupata rufaa

Anayeandika ombi ni daktari bingwa anayekutibu, wa mfumo wa chakula au wa upasuaji. Hatakuandikia kabla ya endoskopia, yaani kuangalia ndani ya umio kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na ana haki. Eneo letu la Afrika Mashariki lina saratani nyingi ya umio, na saratani ya mlango wa chini inaweza kujifanya akalasia kabisa. Kamera ya gama haiwezi kuzitofautisha, kwa kuwa inaona maji yamekwama, haioni yamekwamishwa na nini. Picha ya bariamu (eksirei ya umio baada ya kumeza bariamu) na manometri (kupima shinikizo ndani ya umio), inapopatikana, ndizo zinazokamilisha utambuzi.

Hakikisha fomu ya rufaa haiishii kwenye maneno "shida ya kumeza". Iandikwe aina ya ugonjwa, tarehe na majibu ya endoskopia, aina ya matibabu na tarehe yake, dawa unazotumia, na swali lenyewe: "Tafadhali pima mabaki ya umio akiwa amesimama, sekunde 30, dakika 1, 5 na 10, ulinganishe na kipimo cha tarehe fulani." Daktari aongeze alama za Eckardt. Hizo hujumlisha ugumu wa kumeza, kucheua, maumivu ya kifua na kupungua uzito, kila kimoja 0 hadi 3, jumla 12. Alama 3 au chini baada ya matibabu huhesabiwa kuwa nafuu. Alama nzuri zikikutana na mabaki makubwa, huyo ndiye mgonjwa wa kufuatiliwa kwa karibu.

Kuweka miadi

Dar es Salaam, tiba ya nyuklia ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwanza ipo Bugando. Nairobi ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ukielekezwa Ocean Road usishtuke kuona neno saratani getini: umetumwa huko kwa sababu ya kamera. Piga simu kwanza uulize kama wanafanya kipimo cha umio, maana vitengo vingi kazi yao ya kila siku ni mifupa, tezi ya shingo na figo, na hiki huenda kikahitaji kupangiwa siku yake.

Uliza pia jenereta imefika lini, yaani chombo kinachotoa teknesiamu, si ile ya umeme. Teknesiamu haiwekwi kabatini. Hukamuliwa kila asubuhi kutoka kwenye molibdeni-99, ambayo hupungua nusu kila baada ya saa 66, na teknesiamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya saa 6. Mzigo ukichelewa uwanja wa ndege, orodha nzima ya wagonjwa inasogezwa. Anayetoka mkoani athibitishe siku moja kabla ya kupanda basi.

Upande wa malipo, peleka fomu kwenye dawati la bima la hospitali kabla ya siku ya kipimo, uulize kama kimo kwenye kifurushi chako na kama kinahitaji kibali. Ambatisha nakala ya endoskopia. Ombi lisilo na majibu hayo ni rahisi kurudishwa.

Maandalizi na siku yenyewe

Kawaida ni kukaa bila kula kwa muda wa saa 4 hadi 6. Kwa akalasia hiyo haitoshi, kwa sababu ugali wa juzi unaweza kuwa bado umo. Muulize daktari kuhusu kula vitu vya majimaji tu siku moja au mbili kabla. Mabaki ya chakula hushika dawa, na picha ikaonyesha kuziba kukubwa kuliko kulivyo. Mwenye kisukari aombe nafasi ya asubuhi na apewe maelekezo ya insulini. Nifedipini, dawa za naitreti, dawa kali za maumivu na metoklopramidi hubadilisha umio. Usiziache mwenyewe, ila zitajwe, na hali ya dawa iwe ileile katika vipimo vyote viwili. Mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya kupewa chochote.

Ukifika utajaribu kwanza kwa maji matupu. Kisha utapewa funda moja, mililita 15 hivi, sawa na kijiko cha chakula, lenye megabekereli (kizio cha nguvu ya mionzi) 10 hadi 37. Liweke mdomoni, ngoja amri, umeze mara moja tu. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Ukimeza kwa vipande viwili, au ukameza mate sekunde chache baadaye, mmezo wa pili unazima wa kwanza na hesabu inavurugika. Baada ya sekunde 30 utaambiwa umeze mate kila nusu dakika, hadi dakika 10. Tone likidondokea shatini sema papo hapo, kwani kamera italiona kama doa la umio. Ukikohoa na kupaliwa sema vilevile, ili mapafu yaangaliwe.

Mionzi yake ni midogo, chini ya milisivati 1. Dawa haiingii kwenye damu, hutoka na choo, na baada ya saa 24 nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya 16.

Majibu na kipimo cha pili

Omba ripoti yenye asilimia za kila dakika, mchoro wa mstari, na mkao uliotumika, na picha kwenye CD. Ripoti inayosema "umio unachelewa" pekee irudishe kwa heshima, uombe namba. Kipimo cha pili hupangwa baada ya uvimbe wa matibabu kutulia, na kifanyike kwa mkao uleule, kiasi kilekile cha maji, na ikiwezekana kituo kilekile. Aliyepimwa amelala kisha akapimwa amesimama ataonekana amepona kwa sababu tu maji yameshuka yenyewe.

Mfano: mabaki ya dakika 5 yakitoka asilimia 70 hadi 25, mlango umefunguka. Yakishuka kisha yakapanda tena mwaka unaofuata, usikimbilie puto. Anza na endoskopia, kwa kuwa akalasia ya miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya umio.