SOMO: Ringi za baiskeli ya gia zitakazostahimili mawe ya huku Kigoma

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano, nyingine nikiwa Mwanga nakunywa chai yangu: "Ringi gani haipindi?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia hili.

Nazungumzia baiskeli ya gia yenye breki za diski, ya mtu anayeshuka kwa fujo vijia vya mashamba ya kahawa Kalinzi. Wa lami mpaka Ujiji na kurudi, ringi yoyote itakufaa.

1. Saizi. Achana na inchi, soma milimita ubavuni mwa tairi: 559 ni 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Tairi la 28 la Phoenix ni 635, litapwaya kwenye ringi ya 29. Ndiyo, 28 ni kubwa kuliko 29. Sikuzipanga mimi.

2. Habu (kitovu cha gurudumu). Pima nafasi kwenye uma na fremu kabla ya kutoa hela: za zamani nyingi ni milimita 100 mbele na 135 nyuma, mpya nyingi ni 110 na 148. Habu ya friwili ya kusokota, yaani gia zinazofungwa kwa kuzisokota juu ya habu, iache. Beringi yake ya upande wa gia iko mbali na ncha ya ekseli, ukiruka mawe ekseli inapinda. Tafuta ya kaseti, ambayo gia zake huchomekwa badala ya kusokotwa.

3. Ringi yenyewe. Aluminiamu, kuta mbili, matundu 32 ya spoku, upana wa ndani milimita 25 hadi 30. Kujua kuta mbili, toa utepe wa ndani: vichwa vya nati za spoku viwe vimezama shimoni. Ukiviona juujuu, ni ukuta mmoja, rudisha. Kaboni ni nzuri, ila ikipasuka umeipoteza. Aluminiamu ikibonyea unaituliza kwa koleo, unarudi nyumbani.

4. SPOKU. Hapa ndipo nilipoliwa.

Nilinunua gurudumu la nyuma la mtumba. Ringi imenyooka kama uzi, spoku zinang'aa. Nikalizungusha, haliyumbi, nikalipa. Safari ya kwanza kushuka Kalinzi nikasikia "ting!" Spoku moja ya upande wa gia imekatika palepale kwenye kiwiko, inapoingia habuni. Nikaweka nyingine. Jumapili iliyofuata, "ting!" tena. Ya tatu iliondoka na jirani yake, ringi ikapinda nane ikang'ang'ania fremu, nami nikaibeba baiskeli begani mpaka lami, watoto wakinisindikiza kwa vicheko.

Nikailaumu ringi mwezi mzima. Kumbe spoku zilikuwa zimelegea. Gurudumu likizunguka, kila spoku ikifika chini inapunguziwa mvuto, ikipanda inarudishiwa. Iliyokazwa vizuri inabaki imevutika muda wote. Iliyolegea inacheza kila mzunguko, kiwiko kinakunjwa na kunyooshwa, kama unavyokata waya kwa mkono bila koleo.

Kwa hiyo ringi kunyooka si ushahidi. Bana spoku mbilimbili kwa vidole, zunguka gurudumu zima. Kisha zigonge kwa kalamu: za upande mmoja zitoe mlio mmoja. Ukisikia "dub" katikati ya "ting, ting", usinunue, au punguziwa bei ukakaze.

ANGALIENI: kaza robo mzunguko kwa nati, kisha kagua. Mshale wa saa ni kukaza ukitazama kutoka upande wa tairi. Ukitazama kutoka habuni unageuka, na wengi hulegeza wakidhani wanakaza. Tumia spana ya spoku yenye saizi yake, koleo litazila kona za nati. Nati ziwe za shaba, za aluminiamu hupasuka mapema. Ukimaliza, vaa glovu, zibane spoku kwa nguvu mbilimbili zikae kwenye viti vyake, kaza tena. Baada ya safari mbili tatu za kwanza, rudia ukaguzi.

5. Upepo. Ukilegeza sana, jiwe linapiga ringi. Ukijaza sana, unarushwa. Jaribu kidogo kidogo.

MASWALI

Kijana wa Gungu: Mkuu ndefu sana hii. Ipi nzuri, nitajie moja.
— Hatua ya 3 na ya 4.

Kijana wa Gungu: Kwani hakuna jina la kampuni?
— Hata ya kampuni kubwa, spoku zikilegea zitakatika. Soma.

Fundi Mstaafu: Sisi tumefundishwa kwenye mawe unalegeza spoku ili ringi ipumue. Miaka ishirini kazini.
— Heshima yako, mzee wangu. Ila zilizokatika ni zangu, na zilikuwa zinapumua vizuri tu. Kinacholegezwa kwenye mawe ni upepo wa tairi.

Binti Kasulu: Shikamoo kaka. Kwa nini zilikatika za upande wa gia tu?
— Marahaba, dada. Swali zuri. Gia zinachukua nafasi, kwa hiyo sikio la habu (duara linaloshika spoku) upande ule limesogea ndani. Ili ringi ikae katikati ya fremu, spoku za kule zinasimama wima zaidi na lazima zivutwe zaidi ya za kushoto. Ndiyo maana mlio wao ni mwembamba zaidi. Usijaribu kusawazisha pande mbili, utaivuta ringi kando. Halafu hizo za upande wa gia ndizo zenye mzigo mkubwa, zikilegea zinatangulia.

Mzee wa Mawese: Mimi nabeba madumu mawili ya mawese ya lita 20. Hizo spoku 32 zitatosha?
— Hapo ni kama kilo 36 juu ya kariya, mzee. Nyuma weka ringi ya spoku 36. Baiskeli za kizamani za Mwingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, walijua mzigo unakaa wapi.

Binti Kasulu: Na spoku za akiba unabeba wapi? Mfukoni zinanichoma.
— Zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Beba za urefu wa kila upande, kulia na kushoto hazilingani.

Mzee wa Mawese: Mimi nazitumbukiza ndani ya bomba la siti.
— Nayo inafaa. Zizungushie kipande cha tyubu kuukuu, la sivyo zitakupigia marimba mpaka Mwandiga.