Kufufua Gramafoni ya Kutia Ufunguo: Somo na Maswali ya Wanachama

Baadhi ya nyumba za Unguja na Pemba bado zimehifadhi gramafoni za kutia ufunguo, mashine za zama zile ambapo Siti binti Saad alirekodi sahani zake Bombay, mwaka 1928, kwa kampuni ya HMV. Mara nyingi mwenye nyumba huamini kwamba mashine imekufa, ilhali ukiichunguza huoni kilichovunjika: grisi imekauka na mipira imekuwa migumu kama jiwe. Kwa hiyo tunaanza na uchunguzi, na bisibisi itangoja.

Uchunguzi. Usiweke sahani. Tia ufunguo mizunguko michache tu, achia breki, kisha sikiliza. Ikiwa mpini unazunguka bila kukaza hata kidogo, kamani (springi inayozungusha mashine) imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Ikiwa sinia, yaani bamba linalobeba sahani, linazunguka vizuri kisha linashtuka kwa kishindo, grisi iliyomo ndani ya kasha la kamani imekauka, na mikunjo ya kamani inagandana na kuachiana kwa ghafla. Mwendo ukipanda na kushuka, tazama kidhibiti mwendo. Ikiwa mwendo ni sawa lakini sauti inakoroma, usiiguse injini kabisa, kwani kosa liko kwenye kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano.

Kamani. Sehemu hii naomba isomwe mara mbili. Kamani ni utepe mrefu wa chuma kigumu, na ukifyatuka unaweza kukata vidole. Kabla ya kuitoa injini ndani ya sanduku, achia breki na uache sinia lizunguke mpaka lisimame lenyewe. Hata hapo utepe unabaki umebanwa ndani ya kasha lake, kwa hiyo ambaye hajawahi kuutoa asijaribu peke yake. Ampelekee fundi wa saa mwenye uzoefu wa kamani kubwa. Anayejua kazi avae glavu nene na miwani, autoe mkunjo baada ya mkunjo bila kuuachia, auoshe kwa mafuta ya taa, aukaushe vizuri, kisha aupake grisi mpya yenye grafiti. Asiusugue kwa msasa mkali, kwa sababu mkwaruzo wa kukingama ndio mahali utepe unapoanza kukatika.

Kidhibiti mwendo kina vizito vitatu vidogo vilivyoshikiliwa na vibati vyembamba vya chuma, na kipande cha ngozi au sufi kinachogusa kisahani chake kama breki. Kipande hicho kikikauka, hupiga kelele na mwendo huyumba. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, pamoja na tone jingine kwenye kila ncha ya mhimili. Katika visiwa vyetu hewa ya bahari huleta kutu kwenye ncha hizo hata mashine ikiwa imefunikwa, kwa hiyo zikague kila mwaka baada ya masika.

Ili kupima mwendo, bana kipande cha karatasi chini ya ukingo wa sahani, iache sindano iwe inapiga, na uhesabu mizunguko kwa dakika nzima. Inatakiwa iwe 78. Pima mwendo sindano ikiwa juu ya sahani, kwani uzito wake hupunguza mwendo.

Kichwa cha sauti ndicho chenye thawabu kubwa kuliko kazi zote hizi. Ndani yake mna kiwambo, utando mwembamba unaotetemeka kutoa sauti, ambacho kwenye gramafoni ya HMV 101 ya mwaka 1925 kwa kawaida ni cha ulanga (madini ya tabaka nyembamba), na kwenye HMV 102 ya mwaka 1931 ni cha alumini. Kiwambo cha ulanga hushikwa na mipira miwili, mmoja kila upande. Mipira ikigumu, kiwambo hakiwezi kutetemeka kwa uhuru, na sauti ya mwimbaji husikika kama inatoka ndani ya kopo. Toa mipira ya zamani kwa upole, weka mipya laini ya unene uleule, na ukaze skurubu kidogo kidogo kwa zamu, ili kiwambo kikae katikati bila kubanwa upande mmoja.

Sanduku lenyewe halihitaji mengi: kitambaa kikavu na nta kidogo. Tafadhalini msilipake rangi mpya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Shikamoo mwalimu. Sindano moja ya chuma naweza kuitumia kwa sahani ngapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Upande mmoja tu wa sahani, kisha uitupe. Ncha yake hulika kwa muda mfupi ule wa wimbo mmoja, na ikishakuwa bapa inaanza kuichimba mifereji ya sahani.

Mwanachama wa Mkunazini: Sahani zangu zina ukungu. Niziosheje? Nimeshauriwa kutumia spiriti.

Jibu: Hapana, dada yangu, usizikaribie kwa spiriti. Sahani za 78 kwa kawaida zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti huyeyusha lakiri. Tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kinga karatasi ya katikati isilowe, na uzikaushe kivulini.

Mwanachama wa Chake Chake: Nina santuri za plastiki za taarabu, zile za mizunguko 33. Je, naweza kuzipiga humo?

Jibu: Usizipige, ndugu yangu. Mkono wa gramafoni hii ni mzito mno na sindano ya chuma ni nene kupita mifereji ya plastiki. Kuipiga mara moja tu kunatosha kuiharibu. Zitafutie mashine ya umeme yenye sindano nyepesi.