Kabla ya Kupima Macho, Piga Simu Nyumbani

Wengi wetu tulioko ughaibuni tunakwenda kupima macho herufi zikishaanza kuyumba. Kwa presha ya macho, yaani glakoma, huko ni kuchelewa. Kwa kawaida haiumi. Inaua taratibu mshipa wa fahamu wa jicho, ikianza na uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Sisi wenye asili ya Kiafrika hutupata zaidi, tena mapema. Ikigundulika mapema, matone, leza au upasuaji huweza kuizuia isiendelee.

Kwenye kipimo utaulizwa kama kuna mwenye glakoma katika familia. Hapo tunakwama, maana tumelelewa na jibu la "bibi alipofuka, ni uzee tu". Basi piga simu kwanza. Baba, mama, kaka, dada: nani alisumbuliwa na macho? Aliambiwa ni mtoto wa jicho, akapasuliwa akaona tena? Au alipewa matone ya kutia kila siku, miaka nenda rudi? Huyo wa matone ndiye wa kumtaja. Waulize na mashangazi. Mara nyingi wao ndio waliouguza.

Jibu hilo lina faida ya fedha pia. England, ukiwa na miaka 40 na kuendelea, na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako ana glakoma, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, inakulipia kipimo. Wenye kisukari na waliofikisha miaka 60 nao hawalipi. Uskoti wakazi wote hupimwa bure. Marekani, bima ya afya ya mtu mzima mara nyingi haihusishi kipimo cha kawaida cha macho. Ulizia kazini bima ya macho, hununuliwa kando.

Ukiwa na kisukari, usingoje dalili. Kila ukiitwa kupimwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, nenda, hata kama unaona vizuri kabisa.

Ukitiwa dawa ya kupanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari. Chukua cheti chako cha miwani. Hulazimiki kununua fremu hapo hapo.

Na ukikutwa na glakoma, waambie ndugu zako siku hiyo hiyo, wao nao wakapimwe: hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, ya KCMC Moshi, ya Kikuyu kule Kenya, au kwa daktari wa macho aliye karibu nao.