Kufundisha "get" kwa wanaoanza Kiingereza bila kuitegemea "pata"

Mwanafunzi akiuliza "get" maana yake nini, jibu linalomtoka mwalimu upesi ni "pata". Si uongo, lakini jibu hilo ndilo linalozaa sentensi kama "He got an accident" na "My sister got a baby". Ndilo pia linalomkwamisha mtoto anapokutana na "It's getting dark", maana giza halipati kitu chochote.

Anayeanza hana haja ya orodha ya maana. Anahitaji mazoea ya kutazama neno linalofuata "get" kabla hajauliza maana yake. Kikifuata kitu, ni habari ya kupokea, kununua au kuleta. Ikifuata hali, ni habari ya kubadilika. Pakifuata mahali, ni habari ya kufika. Gawa ubao mafungu matatu, yape vichwa KITU, HALI, MAHALI, na uyachore tena mwanzoni mwa kila kipindi. Panga vipindi vinne vya dakika 40, na sentensi mpya zisizidi nane kwa kipindi. Ukibana yote katika kipindi kimoja, utaishia kuwaandikisha tafsiri tu.

Kwanza kabisa shughulikia sauti. Sisi tuna "geti" la shule, na wanafunzi wengi hulitamka "get" vilevile, kwa irabu mwishoni, kisha wanaandika "gate". Waambie ulimi ugote nyuma ya meno ya juu na ubaki hapo, irabu isitoke. Kisha waunganishe: "get up" isikike kama "ge-tap". Dakika tano zinatosha.

Kitu

Fungu hili lifundishe kwa amri na kutembea, si kwa kuandika. Weka chaki, dasta, kalamu mbili na kiti mbele ya darasa. "Go and get the chalk." Kiswahili kina kitu kinacholingana nayo vizuri: "kachukue chaki". Ile "ka-" inabeba kwenda, na "go and" inafanya kazi hiyohiyo. Halafu "Get me a pen", yaani niletee kalamu. "Get Asha a chair", mletee Asha kiti. Mpangilio ni uleule wa kauli ya kutendea: mtu kwanza, kitu baadaye. Wakishazoea kuagizana, ongeza "get a letter" (kupokea) na "get some bread from the shop" (kununua), bila maelezo mengi.

Kisha andika pembeni, kwa chaki ya rangi nyingine, mambo ambayo Kiswahili husema "pata" na Kiingereza husema "have": kupata ajali ni "have an accident", kupata mtoto ni "have a baby", kupata chai ni "have tea". Malaria inabaki kwenye "get". Hakuna kanuni ya kueleza tofauti hiyo, kwa hiyo usiitunge. Wayakariri kama yalivyo.

Hali

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwalimu kuliko kitabu chochote. Kiingereza huunga "get" na kivumishi pale ambapo sisi tuna kitenzi kimoja: choka ni "get tired", lowa ni "get wet", kasirika ni "get angry", zeeka ni "get old", chafuka ni "get dirty", potea ni "get lost", pona ni "get well". Mwanafunzi haoni "get" inatoka wapi kwa sababu kwetu imemezwa ndani ya kitenzi.

Njoo na chupa ya chai na kikombe cha bati. Mwanzoni mwa kipindi mimina chai moto, nusu kikombe tu. Kikombe kikijaa hakipoi ndani ya dakika 40, hasa Pwani. Kiache wazi mezani. Mwanafunzi mmoja akiguse kwa nje: "It's hot." Endelea na kazi nyingine. Dakika ya kumi mwingine akiguse: "It's getting cold." Dakika ya ishirini na tano, mwingine: "It's still getting cold." Karibu na mwisho wa kipindi mtu aonje: "It's cold." Usitafsiri chochote mpaka hapo. Sasa uliza kwa Kiswahili wangesemaje kila mara. Watakupa "inapoa" na "imepoa", na somo limekwisha kujieleza.

Andika ubaoni safu hii, waiandike daftarini:

Ninachoka – I'm getting tired
Nimechoka – I'm tired
Nilichoka – I got tired
Nilikuwa nimechoka – I was tired
Nitachoka – I'll get tired

Kwa vitenzi vya hali, "-me-" inakwenda na "am, is, are", na "get" inabaki kwa mabadiliko yenyewe. Wengi hukosea kwa kugeuza "nimechoka" kuwa "I have tired" au "I have get tired". Ukiwaonyesha kwamba "nimechoka" inaeleza hali iliyopo sasa, kosa hilo hupungua. Fanya zoezi la mdomo kwa kitenzi kimoja kimoja: mwalimu anataja "lowa" na alama ya wakati, darasa linajibu. "Analowa!" "He's getting wet." "Amelowa!" "He's wet." Mwendo uwe wa haraka, bila kuandika.

Vitenzi vitatu vitawatega, viwekee alama. Kuchelewa si "get late" kwa mtu: "I got late" husikika sana kwetu, lakini sahihi ni "I was late". "It's getting late" husemwa kwa saa zinavyokwenda, si kwa aliyekosa basi. Kufa ni "die", wala hakuna "get dead". Kuoa na kuolewa vyote ni "get married", mume na mke sawasawa, na "na" ya "aliolewa na Juma" inageuka "to": "She got married to Juma". Usiporekebisha hilo mapema, watakuandikia "by Juma", na kwa Kiingereza hapo Juma atakuwa ndiye aliyefungisha ndoa.

Wanaweza kuuliza kama "become" haifai. Inafaa kisarufi, ila "I'm becoming tired" ni nzito kwa mazungumzo ya kawaida.

Mahali

Hili fupi. "Get to school, get to the market, get to Dodoma": panahitaji "to". "Get home, get here, get there": hapahitaji. Kwetu nyumbani na shuleni vyote vina "-ni", ndiyo maana wanaandika "get to home". Wape maneno matatu yasiyotaka "to" wayaimbe: home, here, there. Wakati huohuo rekebisha "reach to school"; "reach" haina kihusishi.

Siku ya nne leta usafiri. Kiswahili kinapanda na kushuka kila kitu, ila Kiingereza kina jozi mbili. Chombo unachoweza kusimama au kutembea ndani yake, au unachokikalia kama farasi, ni "get on" na "get off": basi, treni, ndege, baiskeli, bodaboda. Unachoingia kwa kuinama na kukaa moja kwa moja ni "get in" na "get out of": teksi, bajaji, gari dogo. Watauliza kuhusu daladala ya Hiace, ambayo mtu huinama lakini ni ya abiria wote. Waambie watumie "get on", kwa kuwa inachukuliwa kama basi. Chora alama nne za vishale, na "get up" ikae peke yake kama kuamka.

Mengine yaache kwanza: "get over", "get away with", "get along". Hata "have got" ifundishwe kando kama neno moja lenye maana ya "nina", isiingizwe kwenye mafungu. Wanaotazama filamu za Marekani wakileta "gotten", waambie ni sahihi huko na wewe utatumia "got".

Kosa moja litapita vipindi vyote: "I didn't got". Lionyeshe kwa "sikupata". Wakati uliopita umebebwa na "-ku-", shina "pata" halikuguswa. "Didn't" ndiyo "siku-" yao, kwa hiyo "get" ibaki mbichi.

Kupima, andika sentensi 12 zilizochanganywa na uwaambie wasitafsiri. Waandike tu K, H au M mbele ya kila moja, kwa kutazama neno linalofuata. Wanaopata chini ya tisa warudi kwenye fungu wanalolikosea, si mwanzo. Waliofaulu wape hii waitafsiri: "Nilipokea barua lakini ililowa kabla sijafika nyumbani." Unatarajia "I got a letter but it got wet before I got home", fungu zote tatu kwa mstari mmoja. Wengine watakuletea "before I didn't get home". Hapo "get" hawajaikosea. Wameibeba "sijafika" ya baada ya "kabla", na hilo ni somo la kipindi kingine.