Namna ya kulinganisha urithi wa Ugiriki ya kale na wa Ukristo

Wanafunzi wangu wa historia huliuliza swali hili kana kwamba ni mechi: Ugiriki ya kale au Ukristo, nani ameacha alama kubwa zaidi duniani? Huwa nawaambia waweke kando majina hayo makubwa, wachukue kitu kimoja tu, kisha wakifuate karne hadi karne. Ukiulinganisha utamaduni mzima na mwingine mzima, utaishia kuusifu ule unaoupenda.

Chora safu tatu: ya Ukristo, ya Wagiriki, na ya mambo yaliyochanganyika. Anza na vyepesi. Hesabu ya miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo ilibuniwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525. Mapumziko ya Jumapili yaliwekwa kisheria na Kaisari Constantine mwaka 321. Viandike safu ya Ukristo. Jiometri ya shuleni ina mizizi kwa Euclid, yapata mwaka 300 KK, nayo iandike safu ya Wagiriki. Hapo usikawie.

Kazi yenyewe iko safu ya tatu, ya mambo yaliyochanganyika, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwa kila jambo uliza: nani alilianzisha, nani alilibeba, na njiani lilibadilika vipi? Mchukue Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kazi zake zilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1198, akazifafanua, na baadaye mtawa Mkatoliki Thomas Aquinas akazitumia kuijenga teolojia ya Kanisa. Wengi huruka kutoka Athens hadi vyuo vya Ulaya wakawasahau Waislamu waliokuwa katikati. Ukiwaacha hao, maelezo yako yana pengo la karne nzima nzima.

Au mchukue Archimedes, mwanahisabati Mgiriki. Nakala ya kazi zake ya karne ya 10 ilikwanguliwa wino, na mwaka 1229 ngozi ileile ikaandikwa sala za Kikristo. Mwaka 1906 msomi wa Denmark Johan Ludvig Heiberg aliyatambua maandishi ya Archimedes chini ya sala hizo. Aliyekwangua alifuta, lakini kitabu cha sala ndicho kilichotunzwa, na hesabu zikadumu ndani yake. Ndiyo maana simkubalii anayesema Kanisa liliiua elimu ya Kigiriki, wala anayesema liliiokoa yote.

Kisha jaribu kuondoa upande mmoja uone kinachobaki. Katika karne ya 4 Askofu Basil wa Kaisaria alijenga mahali pa kuwatunza wagonjwa na maskini. Ukiuondoa Ukristo, msukumo wa kuwapokea maskini hao unatoweka. Ukiwaondoa Wagiriki, waganga wa pale wanapoteza elimu ya tabibu Mgiriki Hippocrates. Kwa maoni yangu, Wagiriki wametuzidishia namna ya kujenga hoja, na Ukristo umebadilisha zaidi fikra kuhusu nani anastahili kuhurumiwa: watoto wachanga waliotupwa na wazazi walikuwa jambo la kawaida katika ulimwengu wa kale, na Wakristo walilipinga mapema.

Unapoandika hukumu yako, taja mahali na wakati, maana jibu la Ulaya si jibu la kila mahali. Pima pia Aksum, ufalme wa kale katika Ethiopia na Eritrea za leo. Mfalme Ezana alipopokea Ukristo katika karne ya 4, sarafu zake za dhahabu zilikuwa na msalaba pamoja na maandishi ya Kigiriki. Ziulize maswali yale matatu kabla hujarudi Athens.