Pima mguu wako kabla ya kuulizia bei: namna ya kuchagua kiti cha kukalia kutwa nzima

Mimi ni mtunza hesabu. Naandika vitabu vya maduka ya pembejeo, loji ndogo mbili na duka moja la dawa hapa Moshi, na ofisi yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu huku Pasua. Tarehe 7 ya kila mwezi ni PAYE, yaani kodi ya mishahara, tarehe 20 ni VAT, na ikifika Juni wale wote wanaofunga mwaka Desemba wanataka ritani zao ziwe zimeingia TRA kabla mwezi haujakatika. Siku hizo nakaa saa kumi, hata kumi na moja. Kwa hiyo nikizungumzia kiti nazungumzia kitendea kazi, kama fundi anavyozungumzia cherehani yake.

Mwaka 2019 nilinunua kiti kikubwa cheusi cha leza, mgongo wake umepanda mpaka juu ya kichwa, sponji imevimba kama andazi. Kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hiki ndicho wanachokalia mabosi." Nikalipa Sh 230,000. Mwezi wa pili mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi kila ikifika jioni. Mwezi wa tatu nikawa siwezi kuinuka bila kushika meza kwanza, nisubiri kidogo, ndipo mgongo unyooke. Nilipokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mgongo wenyewe hakuugusa mwanzoni. Aliniuliza, "Dada, ukiwa umekaa kazini, nyayo zako zinakanyaga chini zote?" Ikabidi nifikiri. Nilikuwa nakanyaga kwa ncha za vidole, na mara nyingi miguu ilikuwa inaning'inia.

Usiku ule nilimwita binti yangu aje na futi ya fundi cherehani tukapimana. Vipimo vile vinne ndivyo vilivyoninunulia kiti cha pili, na naomba na wewe uanze navyo kabla hujakanyaga dukani.

Kaa kwenye stuli ngumu au bao, magoti yamekunjika kama herufi L, miguu ikiwa na viatu unavyovaa ukifanya kazi. Mimi nafanya kazi na ndala, kwa hiyo nilipima na ndala. Mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, pale panapokunjika. Kwangu ni sentimita 40. Kisha apime kutoka nyuma ya makalio mpaka hapo hapo nyuma ya goti: kwangu 46. Halafu ulegeze mabega, ukunje mkono, apime kutoka kwenye bao mpaka chini ya kiwiko: kwangu 22. Mwisho, kutoka kwenye bao mpaka pale kiuno kinapobonyea kwa ndani, pale pale unapofungia kanga: 19. Pima na meza yako pia. Meza nyingi za mafundi wetu zina sentimita 73 mpaka 76. Yangu ni 74.

Sasa tazama hesabu inavyosema. Nikikanyaga vizuri, kikalio kinatakiwa kiwe 40 kutoka chini. Viwiko vyangu vitakuwa kwenye 62. Meza iko 74. Maana yake nikikaa kwa kufuata miguu, meza iko juu ya viwiko kwa sentimita 12, na nitaandika kutwa nzima mabega yamepanda masikioni. Nikipandisha kiti ili mikono iwe sawa, miguu inaning'inia, na ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja mpaka ganzi inaingia. Ndiyo ganzi niliyokuwa nayo. Kwa sisi wafupi, na mimi nina sentimita 157, tatizo nusu ni la meza, na hakuna kiti cha bei yoyote kitakacholimaliza peke yake.

Tiba zake ni mbili. Ukate miguu ya meza, au upandishe kiti na uweke kibao cha kukanyagia. Meza yangu ni ya mninga, alinipa baba mkwe, sikuweza kuikata. Nilikwenda kwa seremala wa jirani nikamwambia, "Shikamoo fundi, nataka kibao cha kuweka miguu, upana sentimita 45, kimo 12, kilalie kidogo kwa mbele." Alikitengeneza kwa vipande vya mgrivilea vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, akanitoza Sh 8,000. Katika fedha zote nilizotumia kwa ajili ya mgongo, hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi. Ukiwa mrefu hali inageuka: miguu inakaa vizuri, lakini unaiinamia meza. Hapo inua meza kwa vitofali vya mbao chini ya miguu yake.

Baada ya vipimo ndipo twende dukani, au soko la Memorial hapa Moshi, au kwa wauzaji wa samani za ofisi zilizotumika. Mimi napenda vilivyotumika. Kiti cha ofisi ya watu, kilichotengenezwa kwa kazi, kikiwa na miaka kadhaa mara nyingi kinakizidi kipya cha bei ileile, kwa sababu kasoro zake zimeshajitokeza na unaziona kwa macho. Chukua futi yako, na vaa viatu vilevile.

Anza na kina cha kikalio. Watu wengi hawakiangalii hiki, na ndicho kinachoharibu viti vya "mabosi". Kaa mpaka nyuma kabisa, mgongo uguse egemeo. Kati ya ukingo wa mbele wa kiti na nyuma ya goti lako vidole vitatu viingie bila kulazimisha. Kwa 46 yangu, kikalio kisizidi 41. Kile cheusi kilikuwa na 50. Ndiyo maana sikuwahi kuegemea: kila nikirudi nyuma ukingo ulinisukuma magotini, nikawa nasogea mbele na kukaa kwenye nusu ya kiti, mgongo hewani. Nililipia egemeo refu ambalo mgongo wangu haukuligusa. Ukingo wenyewe uwe umejikunja kuelekea chini, usiwe na kona ngumu.

Kuegemea kuna maana kubwa kuliko tunavyofundishwa. Sisi tulilelewa kuambiwa "kaa wima," na mtoto anayeegemea darasani anaonekana mvivu. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo lililomo ndani ya diski za uti wa mgongo kwa kuwachoma watu sindano yenye kipimo. Alikuta kwamba aliyekaa bila egemeo diski zake zinabanwa kuliko za aliyesimama. Wapimaji waliomfuata hawakukubaliana naye juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, lakini kwamba kuegemea nyuma kunaupunguzia mgongo mzigo, hilo limebaki. Kwa hiyo tafuta kiti ambacho egemeo lake linalala nyuma kidogo, nyuzi 100 mpaka 110, na linaweza kufungwa hapo. Na tafuta kile kinachocheza nawe unapojinyoosha, chenye skrubu kubwa chini ya kikalio ya kukaza na kulegeza. Ikikazwa sana inakusukuma. Ikilegezwa sana unaanguka nyuma. Ikae pale ambapo ukiinua miguu kidogo kiti kinabaki kilipo.

Kwenye egemeo, tafuta uvimbe kwa mkono. Pitisha kiganja kutoka chini kwenda juu. Panapojitokeza mbele, pima kimo chake kutoka kwenye kikalio. Pakutane na pale unapofungia kanga. Uvimbe ukiwa juu sana unakusukuma mbavu, ukikosekana kiuno kinazama na mabega yanafuata. Kiti kikiwa kizuri kwa mengine yote na hapa hakina kitu, usikiache. Chukua kanga moja, ikunje iwe na unene wa ngumi, ifunge kwa kamba kwenye egemeo. Mimi nilifanya hivyo miezi minne kwenye kile cheusi.

Mikono ya kiti nina msimamo nayo: mikono mibaya ni afadhali isiwepo. Ile ambayo haishuki hugonga ukingo wa meza, kiti kinakataa kuingia, nawe unabaki mbali, umeinama kama unachungulia kisima. Kama inapanda na kushuka na inaingia chini ya meza, vizuri, iweke chini tu ya viwiko. Kama haishuki, geuza kiti, utaona nati mbili au tatu kila upande. Zifungue. Dakika kumi.

Pa kuegemeza kichwa pasikushughulishe, mtu anayeandika hatumii. Vile viti vya rangi rangi vya wacheza michezo ya kompyuta, vyenye mabawa mabegani, viache.

Sponji ipime kwa ngumi. Bonyeza katikati ya kikalio kwa uzito wako wote. Ukilisikia bao chini, rudisha. Ukiachia na shimo likabaki, rudisha pia. Sponji nzuri inakuwa ngumu kidogo kuliko unavyotarajia. Ile laini inayokupendeza dukani ndiyo itakayokuwa imelala baada ya mwaka. Na joto la hapa Moshi kuanzia Januari mpaka Machi mnalijua. Leza ya bandia inakuchemsha mapaja, kisha inabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Yangu ilianza kubanduka kabla ya miaka miwili. Kitambaa kinapumua ingawa kinashika vumbi. Wavu unafaa zaidi mgongoni, lakini usukume kwa kiganja: ukizama na kubaki umelegea kama chandarua cha zamani, umeshachoka.

Sasa gesi, yaani ule mtungi wa katikati unaopandisha kiti. Kwenye viti vilivyotumika hapa ndipo watu wanapoibiwa. Pandisha kiti mpaka juu. Chukua futi upime kutoka sakafuni mpaka ukingo wa kikalio, kariri namba. Kisha kaa, na usiinuke. Mwombe muuzaji radhi, ongea naye, ulizia bei za vitu vingine, uulize anatoa wapi mzigo. Dakika ishirini, kwa kweli, siyo mbili. Ukimaliza, inuka na upime tena. Kilichokuwa 53 kikiwa 51, gesi inavuja, na kwako kitashuka kila saa bila wewe kujua. Dakika hizo ishirini zina faida nyingine: mwili wako wenyewe unaanza kusema. Paja linalobanwa linaanza kulalamika baada ya dakika kumi na tano, siyo mara moja. Mimi nilikaa hivyo kwenye viti sita kwa siku mbili. Vitano nilivirudisha. Muuzaji wa pili alinichoka, akanitafutia hata chai.

Kabla ya kulipa, kilaze chini. Miguu iwe mitano, maana ya minne hupinduka ukijinyoosha kando. Tafuta nyufa pale miguu inapokutana katikati, hasa ikiwa ya plastiki; pitisha kucha, ufa mwembamba unausikia kabla hujauona. Zungusha kila gurudumu kwa kidole. Kwa sakafu ya vigae au saruji chagua magurudumu yenye mpira laini, yale magumu yanateleza na kuchora. Halafu dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nasema hivi kwa sababu ya kazi yangu, lakini pia kwa sababu bila risiti huna pa kurudia kiti kikishuka wiki ijayo.

Changu cha sasa ni cha kitambaa cha kijivu, kimetumika, hakina jina linalosomeka, Sh 85,000, na nauli ya kirikuu kukileta Pasua Sh 5,000.

Asiye na fedha leo asingoje. Kiti cha mbao cha mezani kwa chakula, chenye mgongo ulionyooka, ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu cha plastiki kinakulaza nyuma na kuzamisha makalio. Weka blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya kikalio, kanga ya kiunoni, kibao cha miguu. Utakaa saa nne bila shida. Na uwe na kiti gani, kila nusu saa inuka. Diski za mgongo hazina mishipa yake ya damu. Chakula chake kinaingia zinapobanwa na kuachiliwa, na mtu asiyejisogeza anaziacha na njaa. Mimi nimeiweka birika ya chai jikoni makusudi, mbali na meza.

Kiti kikifika nyumbani, usikirekebishe vyote kwa mara moja. Kwanza kimo kwa kufuata viwiko na meza, kisha kibao cha miguu, kisha egemeo, na mwisho ile skrubu ya kukaza. Jipe siku tatu kabla ya kubadili kitu kingine, maana mwili uliozoea kukaa vibaya utalalamika hata ukiukalisha vizuri. Ukishapata panapokufaa, pima na uandike. Mwanangu wa kiume anapenda kukaa kwenye kiti changu akitoka shule na kukishusha mpaka chini, kwa hiyo nimebandika karatasi chini ya kikalio: kiti 52, kibao 12, egemeo 19. Kila jioni nakirudisha.