Ukikuta habari kwamba dawa ya UTI inaua herpesi, isome hivi

Jamani kabla hujakimbilia duka la dawa hebu tulia kwanza. Habari hizi za dawa ya zamani ya UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, kuonekana inazuia kirusi cha herpesi zinawapa tumaini watu ambao malengelenge ya mdomo yanawarudia kila mara, na nawaelewa kabisa, yanauma na yanatia aibu.

Anza na hili, jaribio limefanyika kwa nani? Kama ni seli kwenye kisahani cha maabara basi bado sana, maana kwenye kisahani hata jiki inaua kirusi.

Halafu, na hapa ndo pa muhimu kuliko pote, jiulize hiyo dawa inaamkia wapi mwilini. Chukua methenamini, mojawapo ya dawa hizo za UTI. Ukiimeza inapita kwenye damu imelala tu mpaka ikutane na mkojo wenye asidi, yani kipimo cha asidi (pH) kiwe chini ya 6, ndo inavunjika na kutoa fomaldehaidi inayoua bakteria. Kukinga UTI inayojirudia inafaa kweli, utafiti wa Uingereza uliotoka 2022, wanawake 240, ulikuta haiachwi mbali na antibayotiki za kunywa kila siku. Ila HSV-1, kirusi cha herpesi ya mdomo, haikai kwenye mkojo, inajificha kwenye neva za uso, ndani ya fuvu huko usawa wa sikio, na huko hamna asidi ya kuiamsha dawa. Sasa linganisha na asaiklovia, dawa ya herpesi yenyewe, hii inaamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, yani inafanya kazi palepale kirusi kinapozaliana na seli zisizo na kirusi haizigusi sana.

Nitrofurantoini, dawa nyingine ya UTI, nayo damuni inabaki kidogo mno, inajaa kwenye mkojo.

Kwahiyo mdomo ukianza kuwasha na kuchomachoma, anza asaiklovia hapohapo kabla lengelenge halijatoka, ndo inasaidia zaidi, japo kirusi haiking'oi.

Na kama unatumia methenamini kwa ajili ya UTI, usiichanganye na Septrin, ile salfa yake na fomaldehaidi vinaweza kugandana kwenye mkojo. Mwenye shida ya figo au ini aongee na daktari kwanza. Magadi soda nayo achana nayo, kuna watu wakisikia mkojo unachoma wanakoroga glasi nzima, asidi inaisha na dawa inatoka ilivyoingia.